UZI: Ekaterina Dashkova, binti wa kimwinyi wa ikulu ya Urusi aliyemwangusha baba yake wa ubatizo halafu akaja kuwaandikia Warusi kamusi yao

Kibatari:

Wakuu habari za jioni.

Kila nikipita kwenye mijadala ya Ekaterina Mkuu wa Urusi naona tunaishia palepale, wapenzi wake, Orlov, Potemkin, nani alikuwa na nani, basi uzi unazama. Leo naomba niwaletee mwanamke mwingine wa ikulu ileile, na yeye jina lake Ekaterina vilevile, ila hakuwa malkia, alikuwa mtoto wa mamwinyi aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1743 kwenye ukoo wa Vorontsov. Nimemsoma muda mrefu. Nampenda sana huyu mama na kuna mahali ananiumiza roho, yote nitayaweka hapa.

Nianze na hili kwanza. Mwaka 1759 binti wa miaka kama 16 anaolewa na Mikhail Dashkov, kijana mtanashati wa jeshi la walinzi, wa ukoo mkongwe kuliko wa kwao ila wenye madeni. Wanakwenda Moscow kwa wakwe. Bibi harusi amesoma, ana vitabu 900 vyake mwenyewe, anajua Kifaransa kama maji, anajua na Kijerumani na Kiitaliano. Mama mkwe anajua Kirusi tu. Na huyu binti, Mrusi wa kuzaliwa, mtoto wa ikulu, Kirusi chake kilikuwa cha kuokoteza, hawezi hata kukaa na mama mkwe wakaongea wakaelewana. Yaani mamwinyi wa Urusi wakati ule walilea watoto kwa Kifaransa, Kirusi kikabaki cha kuongea na watumishi. Ikabidi mtoto wa watu akae chini ajifunze lugha ya nchi yake ukubwani ili mama mkwe ampende.

Shikeni hapo, maana huyuhuyu ndiye aliyekuja kuongoza kazi ya kamusi kubwa ya kwanza ya Kirusi, juzuu 6, maneno 43,257.

Naendelea kesho jioni.

Nyangumi 77:

Mkuu usituache njiani, nyuzi za namna hii huwa mnaanza vizuri mnapotea. Mi nimeshakaa.

Bint Pangani:

Hiyo ya mama mkwe imenigusa kweli. Tuambie na kwao alilelewaje mpaka akose lugha ya nyumbani, mama yake alikuwa wapi?

Kibatari:

Bint Pangani, mama alifariki binti akiwa na miaka miwili tu. Baba yake, Roman Vorontsov, alikuwa mtu wa starehe na mali, mpaka walimpa jina la "Roman mfuko mkubwa". Watoto wakagawanywa. Huyu akachukuliwa na baba yake mdogo, Mikhail Vorontsov, ambaye alikuwa chansela, ndiye mwenye kushika barua zote za serikali na mambo ya nje. Kwahiyo katoto kalikulia kwenye nyumba ambayo mabalozi wanaingia na kutoka, makaratasi ya siri yenye mihuri yapo mezani, na baba mdogo wakati mwingine alikuwa anamwachia ayaangalie. Hili la mihuri litarudi mbele, likumbukeni.

Alipokuwa msichana mdogo akapata surua. Ikulu ilikuwa na amri kali sana kuhusu magonjwa ya vipele kwa sababu ya kumlinda mrithi mdogo, Pavel, nyumba yenye mgonjwa haikaribii ikulu. Wakamwondoa mjini wakampeleka shamba peke yake. Mtoto wa mjini, hana ndugu, hana wenzake wa kucheza nao. Huko ndiko alikoanza kusoma vitabu usiku na mchana na kitabia kake ka kujitegemea kakaanzia huko.

Sasa ubatizo wake. Mama wa ubatizo alikuwa malkia Elizaveta mwenyewe. Baba wa ubatizo alikuwa mrithi wa kiti, Pyotr, ndiye aliyekuja kuwa Pyotr wa Tatu. Na dada yake mkubwa wa damu, Elizaveta Vorontsova, alikuwa mpenzi wa huyo Pyotr, mpenzi wa hadharani, kila mtu anajua. Mungu akimpa umri Pyotr, ukoo wa Vorontsov unakula nchi. Binti akaenda upande wa pili kabisa.

Mwalimu wa Zamu:

Kabla hujaenda mbali mkuu, wengine hatuelewi maisha ya hawa wanawake wa ikulu yalikuwaje. Walikuwa na kazi au walikaa tu na magauni?

Kibatari:

Swali zuri sana mwalimu. Pyotr Mkuu, mfalme wa zamani na si huyu Pyotr wa ubatizo, alitoa mwaka 1722 jedwali la vyeo, madaraja 14, kila mtumishi wa serikali na jeshi anajua yuko ngazi ya ngapi, na mwanamke alipata ngazi yake kupitia kwa baba akiwa hajaolewa na kwa mume akishaolewa. Ila wanawake wa ikulu walikuwa na vyeo vyao pia vya moja kwa moja. Msichana ambaye hajaolewa anaitwa *freilina*, anavaa begani kibeji cha almasi chenye herufi za jina la malkia juu ya utepe wa buluu. Akitaka kuolewa lazima malkia aridhie. Wakubwa walioolewa kuna *stats-dama*, hawa wanavaa kifuani picha ndogo ya malkia iliyozungushiwa almasi.

Kazi yao? Kuwepo. Malkia akiamka wawepo, akienda kanisani wawe nyuma, akicheza karata wacheze, akisafiri wapande magari. Inaonekana nyepesi ila fikiria kusimama masaa na gauni zito, hukai mpaka ukaribishwe, hucheki kabla mkubwa hajacheka. Malkia Elizaveta alipenda dansi kupita kiasi, alipokufa yanatajwa magauni kama 15,000 kabatini, na alikuwa na dansi zake za kinyago ambapo wanaume wanalazimishwa kuvaa sketi na wanawake kuvaa suruali kwa sababu yeye mwenyewe alipendeza kwenye suruali. Ukikataa kuja unaonekana umekosa adabu. Humo ndimo Dashkova alimokulia, na aliichoka mapema.

Chapa Kazi:

Twende kwenye mapinduzi mkuu, hapo ndipo penye nyama.

Kibatari:

Sawa.

Ekaterina, yule wa kuja kuwa Mkuu, alikuwa mke wa Pyotr, Mjerumani aliyeletwa kuolewa. Jioni moja akaja kula chakula nyumbani kwa chansela akamkuta huyu binti wa miaka 15 anayejua vitabu vilevile anavyovisoma yeye. Wakati anaondoka akaangusha kipepeo chake cha kujipepea, binti akakiokota, malkia mtarajiwa akamwambia kaa nacho, kiwe ukumbusho wa jioni yetu ya kwanza. Dashkova alikitunza kile kipepeo maisha yake yote. Ekaterina alikuwa na miaka karibu 30, mwenzake mtoto. Mmoja alipenda kwa moyo wote, mwingine alikuwa anahesabu watu watakaomfaa, huo ndio mtazamo wangu.

Malkia Elizaveta akafa Desemba 1761 kwa kalenda yao ya zamani. Pyotr wa Tatu akapanda. Jeshi la Urusi lilikuwa limembana Frederick wa Prussia kooni, Pyotr anamhusudu Frederick kama mtakatifu, akasimamisha vita akamrudishia ardhi yote. Wanajeshi wakaona damu yao imemwagika bure. Akawavalisha sare za mtindo wa Kiprussia. Akagusa na mali za kanisa. Juni 1762 kwenye karamu kubwa akamtukana mkewe mezani mbele ya mabalozi, "mpumbavu!", kwa sauti ya watu wote kusikia.

Huyu Pyotr hakuwa mtu mbaya wa roho, nasema hivyo kwa sababu Dashkova mwenyewe kwenye kumbukumbu zake ameandika alivyomwonya. Alimwambia kwa maneno haya au yanayokaribia: mwanangu, ni salama zaidi kukaa na watu wa kawaida waaminifu kama dada yako na mimi kuliko hawa wenye akili nyingi, ambao wakishakamua maji ya chungwa wanatupa ganda. Binti wa miaka 19 hakusikia.

Nyangumi 77:

Dah. Hilo la chungwa.

Kibatari:

Endelea kulishika mkuu.

Kazi yake kwenye njama ilikuwa kuzungumza na maofisa vijana marafiki wa mumewe na kuwalainisha wakubwa, hasa Nikita Panin aliyekuwa mlezi wa mrithi mdogo. Mume mwenyewe alikuwa ametolewa mjini kwa kazi ya ubalozi baada ya kukwaruzana na Pyotr kwenye gwaride. Tarehe 27 Juni mmoja wao, kapteni Passek, akakamatwa, ikabidi mambo yafanyike usiku uleule. Dashkova alikuwa ameshamwagiza fundi amshonee nguo za kiume ili atoke usiku bila kujulikana. Fundi hakuleta. Akabaki nyumbani usiku ule mkubwa wa maisha yake, anahangaika chumbani, huku Aleksei Orlov anakwenda kumwamsha Ekaterina Peterhof alfajiri na kumleta mjini. Wakaanzia kikosi cha Izmailovsky, askari wakapiga magoti, wakaenda kanisa la Kazan, wakamalizia Ikulu ya Majira ya Baridi. Dashkova alipofika pale umati ulikuwa umejaa hata gari halipiti, askari wakamtambua wakambeba juu kwa juu mikononi, gauni limechanika nywele zimefumuka, mpaka kwa rafiki yake wakakumbatiana.

Jioni wote wawili wakavaa sare za kikosi cha Preobrazhensky za kuazima, za mtindo wa zamani wa Pyotr Mkuu, wakapanda farasi wakaongoza jeshi kwenda kumkamata Pyotr. Usiku wakapumzika kwenye nyumba chakavu ya wageni njiani inaitwa Krasny Kabak, wakalala kitanda kimoja juu ya koti la kanali. Hawakupata usingizi, walikuwa wanasoma matangazo ya kutoa kesho yake. Naamini hiyo ndiyo siku aliyokuwa na furaha kuliko zote duniani.

Halafu Peterhof, saa chache baadaye. Anaingia chumba kimoja anamkuta Grigory Orlov, ndugu yake Aleksei, amejilaza kwenye sofa, anasema mguu umeumia, na anafungua bahasha zenye mihuri ya serikali. Dashkova ile mihuri anaijua tangu utotoni kwa baba mdogo. Akamwuliza kwa mamlaka ya nani unafungua hizi? Akajibiwa malkia ameniambia. Muda si mrefu ikaletwa meza ya chakula ikasogezwa pale kwenye sofa, malkia akaja kula na Orlov palepale. Ndipo akaelewa. Kumbe rafiki yake alikuwa na mpenzi siku zote, na miezi miwili tu nyuma, Aprili, alikuwa amejifungua mtoto wa Orlov kwa siri, na yeye aliyejiita mtu wa ndani hakuwa anajua lolote.

Siku chache baadaye Pyotr akafa mikononi mwa walinzi wake Ropsha, serikali ikatangaza ni ugonjwa wa tumbo na bawasiri. Dashkova akamwambia malkia kifo hiki kimekuja mapema mno kwa heshima yako na kwa yangu.

Mwalimu wa Zamu:

Mkuu mimi nina shaka hapa. Hayo yote umeyatoa kwenye kumbukumbu zake mwenyewe. Mtu akijiandikia historia anajikuza. Ekaterina mwenyewe alisemaje?

Kibatari:

Uko sahihi mwalimu na sitamtetea kwa hilo. Agosti 1762 Ekaterina alimwandikia Poniatowski, mpenzi wake wa zamani, kwamba huyu Dashkova anataka sifa zote ziwe zake kwa sababu tu anafahamiana na baadhi ya wakuu wa njama, lakini alikuwa na umri wa miaka 19, na walimficha mambo kwa miezi kwa sababu ni dada wa hawara wa Pyotr. Hiyo barua ni ya kikatili lakini kwa kiasi kikubwa ni kweli. Dashkova alikuza nafasi yake, wenye kazi ya mikono walikuwa ndugu wa Orlov. Ila angalieni na upande wa pili, malkia naye alikuwa na sababu ya kumpunguza, hakuna mtawala anayetaka isemwe kiti alipewa na binti wa miaka 19.

Malipo alipewa. Utepe wa nishani ya Mtakatifu Ekaterina, cheo cha stats-dama, rubo 24,000 ambazo ziliishia kwenye madeni ya mumewe. Ule ukaribu haukurudi tena. Ganda likatupwa.

Mwaka 1764 mumewe akafa kwa homa Poland akiwa na jeshi. Mjane wa miaka 21, watoto wawili hai, na alikuwa ameshazika mmoja. Madeni ya mume yalikuwa ya kutisha. Wakamshauri auze ardhi ya watoto, akakataa. Akauza vyombo vya fedha, akauza vito vyake, akajifungia shamba anaishi kama mtu wa kawaida, kwa miaka mitano hivi akamaliza deni lote. Hii sehemu watu huwa wanairuka wanakimbilia mapinduzi, mimi ndiyo iliyonifanya nimheshimu.

Bint Pangani:

Na mumewe alikuwa anampenda?

Kibatari:

Yeye alimpenda mume kupita kiasi dada yangu. Kuna tukio moja, ana mimba ya pili, uchungu umeshaanza, akasikia mume amerudi Moscow kwa siri anaumwa koo, kafikia kwa shangazi yake ili asimshtue mkewe. Usiku wa baridi, akavaa, akamshika mkono mkunga wake, akatembea kwa miguu kwenye theluji anasimama kila uchungu ukija, akafika, akapanda ngazi, akamwona mume kitandani akaanguka akazimia. Wakamrudisha kwao, na usiku uleule akajifungua.

Chapa Kazi:

Sasa hayo ya kamusi yanaingilia wapi, maana umetuambia tushike na mpaka sasa hatujaona.

Kibatari:

Tunakwenda huko, tumpitishe Ulaya kwanza maana bila huko hakuna kamusi.

Mwaka 1769 akapata ruhusa kusafiri. Danzig wakafikia hoteli yenye michoro mikubwa miwili ukutani, askari wa Urusi wamelala wamejeruhiwa wanawaomba Waprussia huruma. Akauliza ubalozi wetu unaliona hili na mmekaa kimya? Akanunua rangi za mafuta, akafunga mlango, usiku kucha yeye na wenzake wakabadilisha rangi za sare, aliyekuwa Mprussia akawa Mrusi na Mrusi akawa Mprussia. Asubuhi wakaondoka, Urusi imeshashinda vita zote mbili.

Paris alikaa na Diderot, mwanafalsafa, wakibishana mpaka usiku. Akamwona Voltaire kule Ferney. Safari ya pili, kuanzia katikati ya miaka ya 1770, ndiyo iliyombadilisha. Akampeleka mwanawe Pavel kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akapanga humohumo kwenye kasri la Holyrood, kwake wakawa wanakuja Adam Smith, William Robertson mkuu wa chuo, Hugh Blair, Adam Ferguson. Hakuna wa kuinamia, hakuna zamu ya kusimama nyuma ya kiti cha malkia, watu wanakuja kwa ajili ya mazungumzo. Ameandika kwamba hicho ndicho kipindi cha utulivu kuliko vyote maishani mwake. Paris mwaka 1781 akakutana na Benjamin Franklin, mzee wa miaka 75. Mwaka 1789 Jumuiya ya Falsafa ya Marekani kule Philadelphia, ambayo Franklin ndiye aliyekuwa rais wake, ikamchagua Dashkova kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kabisa. Miaka 80 ikapita kabla hawajachagua mwanamke mwingine.

Akarudi Urusi 1782. Ekaterina sasa amezeeka kidogo, Orlov hayupo tena, na akakumbuka ana mtu mwenye kichwa. Kwenye dansi ya ikulu akamwita pembeni akamwambia nakupa uongoze Akademia ya Sayansi. Dashkova akashtuka akamjibu nipe niongoze wafua nguo wako, hiyo nitaiweza. Akaandika na barua ya kukataa. Malkia hakuelewa somo, Januari 1783 amri ikatoka.

Nyangumi 77:

Mwanamke kuongoza akademia ya sayansi 1783??

Kibatari:

Ndiyo mkuu, na alijua kabisa watamtazamaje. Sasa oneni akili yake. Siku ya kwanza kabla hajaingia kwenye kikao alipita nyumbani kwa Leonhard Euler, mwanahisabati mkubwa kuliko wote wa enzi ile, mzee, kipofu, ambaye alikuwa amesusa vikao kwa sababu ya mkurugenzi aliyepita. Akamwomba amsindikize, mara moja tu. Wakaingia pamoja. Akawaambia maprofesa nimemwomba Euler anitambulishe kwenu kwa sababu mimi elimu yangu ni ndogo lakini sayansi naiheshimu. Profesa mmoja mwenye kujiona akakimbilia kiti cha pembeni ya mwenyekiti, kiti cha heshima. Dashkova akamgeukia Euler akasema kaa popote unapotaka, kiti utakachokaa wewe ndicho cha kwanza. Euler alifariki Septemba ya mwaka huohuo.

Alikuta hesabu zimevurugika, wafanyakazi hawajalipwa. Akalipa madeni, akauza vitabu na ramani zilizolala stoo, akajenga jengo jipya kando ya mto Neva, lipo mpaka leo, akaanzisha mihadhara ya wazi kwa Kirusi, bure, kwa watu wa kawaida. Kwa Kirusi! Maana mpaka hapo elimu ya juu pale ilikuwa Kilatini, Kijerumani na Kifaransa.

Halafu siku moja wanatembea bustanini na malkia, akamwambia lugha yetu ni tajiri lakini haina sarufi iliyosimama wala kamusi. Malkia akamwambia andika mpango. Oktoba 1783 ikafunguliwa Akademia ya Kirusi, ya lugha peke yake, yeye rais. Kwahiyo mwanamke mmoja akawa anaongoza akademia mbili za taifa kwa wakati mmoja.

Kamusi wakaipanga kwa mizizi ya maneno. Kwa mfano wa kwetu ni kama uweke soma, somo, msomi, usomaji, masomo, somesha vyote mahali pamoja chini ya mzizi mmoja. Wakagawana herufi, yeye akachukua tatu za Ц, Ш na Щ, zaidi ya maneno 700, na maneno yote ya maadili na utawala akayaeleza yeye. Juzuu zikatoka 1789 mpaka 1794, ndani ya miaka 11 tangu waanze. Mlioshika kazi ya kamusi hata kidogo mnajua hiyo ni kasi ya namna gani.

Na herufi Ё je. Inasimuliwa kwamba Novemba 1783 kikao kilikuwa nyumbani kwake, akawaandikia ubaoni neno la mti wa Krismasi, *yolka*, kwa namna ilivyokuwa inaandikwa, herufi mbili kwa sauti moja, akawauliza ni haki sauti moja kubebwa na herufi mbili? Wakakubali iwekwe moja. Kila mtoto wa Kirusi anayejifunza alfabeti leo anaipita herufi ile.

Bint Pangani:

Yule yule aliyeshindwa kuongea na mama mkwe.

Kibatari:

Yule yule.

Mwalimu wa Zamu:

Naomba niulize la uchungu mkuu. Hizo fedha, hayo mashamba, ni jasho la nani? Urusi ile wakulima waliuzwa na ardhi.

Kibatari:

Mwalimu hapo ndipo aliponiumiza, na nilisema mwanzoni. Alimiliki wakulima wa kufungwa kwenye ardhi kama mamwinyi wote, wanauzwa, wanachapwa, wanapelekwa jeshini kwa neno la bwana. Diderot alimuuliza hili uso kwa uso. Akamjibu kwa mfano wa kipofu aliyezaliwa juu ya jabali limezungukwa na makorongo, hajui hatari iliyomzunguka, anaimba, analala vizuri, anakuja daktari anamfumbua macho bila kuweza kumtoa pale, basi anakufa kwa hofu. Elimu kwanza, uhuru baadaye. Ndivyo alivyotetea. Mimi nakataa kabisa, kwa sababu mwenye kushikilia ngazi ya kushukia kwenye lile jabali alikuwa yeye na wenzake. Mtu aliyeyaeleza kwenye kamusi maneno yote ya utawala na maadili, na watu wake shambani hawana hata ruhusa ya kuoa bila kuuliza. Akili nyingi haikumsaidia hapo.

Na tabia yake ilikuwa ngumu, tusifiche. Mwaka 1788 nguruwe wa jirani yake Naryshkin waliingia kwenye bustani ya maua akaamuru wauawe, ikawa kesi ya mahakamani na ikulu nzima wakacheka.

Chapa Kazi:

Mwisho wake ukawaje?

Kibatari:

Mwisho ni mzito, nitaandika kwa ufupi.

Mwaka 1793, mfalme wa Ufaransa ameshakatwa kichwa, malkia ana hofu ya kila karatasi. Akademia ya Dashkova ikachapisha tamthilia ya marehemu Knyazhnin kuhusu Vadim wa Novgorod, mtu anayepinga utawala wa mfalme mmoja. Malkia akawaka. Nakala zikakusanywa zikachomwa. Mwaka uliofuata Dashkova akaomba likizo akaondoka mjini. Novemba 1796 malkia akafa, akapanda Pavel, mtoto wa yule Pyotr. Hakusahau. Desemba ileile mama wa miaka 53, mgonjwa wa baridi yabisi, akaamriwa aende akatafakari mwaka 1762 kwenye kijiji cha Korotovo, mkoa wa Novgorod, kaskazini huko. Akaishi kwenye kibanda cha mkulima wa mbao yeye na binti yake na watumishi wachache, theluji mpaka dirishani. Masika iliyofuata akaruhusiwa kurudi shambani kwake Troitskoe.

Huko Troitskoe ndiko alikomkuta mgeni mmoja kutoka Ireland, msichana Martha Wilmot, mwaka 1803, akampenda kama mwanawe, na kwa ajili yake akaandika kumbukumbu, kwa Kifaransa. Zilichapishwa London 1840. Dada yake Martha, aliyekuja baadaye, ameeleza alivyomwona: bibi mzee anawasaidia waashi kujenga ukuta, anatengeneza barabara kwa mikono yake, analisha ng'ombe, anatunga muziki, na kanisani anamsahihisha padri kwa sauti akikosea.

Nyangumi 77:

Na watoto wake? Umemtaja Pavel aliyesoma Edinburgh.

Kibatari:

Nilikuwa nakwepa mkuu.

Pavel alipewa kila kitu. Walimu bora, Ulaya nzima, jeshini akapanda haraka. Mwaka 1788 akiwa kikosini akamwoa binti wa mfanyabiashara, Anna Alferova, hana ukoo, hana mahari, bila kumwambia mama. Mama akapata habari kutoka kwa mtu mwingine anayempongeza. Aliumwa kwa homa ya majonzi siku nyingi, na akakataa kabisa kumwona Anna. Binti yake Anastasia naye, kwa madeni na ugomvi wake, mama akaishia kumnyima urithi.

Miaka 19 ikapita. Mwaka 1807 Pavel akafa Moscow, hakuacha mtoto wa ndoa, ukoo wa Dashkov ukakatika palepale. Ndipo yule bibi aliyewahi kujifunza lugha nzima ukubwani ili mama mkwe wake ampende, akakutana na mkwe wake kwa mara ya kwanza. Walilia wote wawili.

Dashkova alifariki Moscow Januari 1810, akazikwa Troitskoe.